Je, Umeridhika Nasi?

Habari hii aliisimulia kwanza Sindano, mshonaji, mvua za kwanza zilipoanza tangu mdogo wake azikwe. Mdogo mtu aligombana na mama yao kwa sababu ya simu: jembe la kweli haligusi, kutwa analima shamba la kwenye mchezo. Mama akamwambia, "Nenda, lakini mimi sijaridhika nawe." Akaenda. Pikipiki ikamgonga kabla hawajapatana. Sasa Sindano alikuwa ameketi kwenye benchi mbele ya kibanda cha Vocha, fundi simu, kahawa inapoa mkononi, simu ya marehemu magotini. Ilikuwa imeandika: "Tumekukumbuka. Je, umeridhika nasi?" Chini yake, vitufe viwili: Ndiyo na Hapana.

— Bonyeza Ndiyo yaishe, alisema Vocha. Hao watu wa mchezo kazi yao kumshika mteja asitoke. Akinyamaza kidogo tu, wanambembeleza.

— Mteja amekufa, Vocha.

— Watajuaje? Kwao hapatikani kwa sasa.

— Haba na haba, akaanza Msumeno, seremala, ambaye methali kwake ni kama misumari: popote anagongelea.

— Msumeno, kunywa kahawa bwana.

Sindano akaufungua mchezo. Alitegemea kukuta magugu. Mahindi yalikuwa yamepaliliwa, mistari imenyooka, na kile kikatuni cha mdogo wake, chenye kofia nyekundu, kimeinama kinalima.

— Nani anakiendesha? Simu nilikuwa nimeizima.

— Kampuni hiyo, alisema Vocha. Akitoka mmoja na wenzake wanatoka. Basi wanamwendesha wenyewe, majirani wa mchezoni wamwone yupo. Asiye na mwana aeleke jiwe.

— Jiwe linaanzia mwisho wa shamba, linalima kurudi nyumbani?

— Sijakuelewa.

— Mama ndiye aliyetufundisha hivyo, sisi wawili. Watu wote wanaanzia mlangoni.

Vocha aliichukua simu akaitazama, akairudisha upesi magotini kwa mwenzake.

— Wamemsoma, alisema, sauti imeshuka. Siku zote anacheza, wao wanamsoma. Anavyolima, anavyosalimia, hata anavyonuna.

— Mimi nakataa, alisema Msumeno. Umesema mwenyewe, wanamshika mteja. Aliyeshikwa anapumzika saa ngapi? Huyo kazuiliwa mlemle. Mtaka cha mvunguni sharti ainame!

— Sasa hiyo inaingiaje hapo?

— Si huyo kainama?

Wakatazama. Kweli, kilikuwa kimeinama. Siku nyingine wangecheka.

— Tena kinakaribia nyumba, alisema Sindano.

Hapo mama yake akatokea, akitembea taratibu kukwepa madimbwi. Wote wakasimama.

— Shikamoo, mama.

— Marahaba, wanangu. Wewe Sindano, umeshawajibu hao ulionisomea?

— Bado, mama. Nilikuwa nauliza kwanza.

— Vizuri. Usijibu. Hilo swali langu.

— Mama, wanauliza habari za mchezo tu.

— Kuridhika ni kuridhika. Mwanangu kaondoka bila radhi yangu, na simu yake inauliza radhi. Unataka nijifanye sijasikia? Vocha, baba, nikisema Ndiyo inakuwaje?

— Wanaacha, mama. Aliyeridhika hawamsumbui tena.

— Na yeye?

— Naye nadhani wanamwacha.

Mama akaichukua simu. Kidole gumba kikakaa juu ya Ndiyo, hakikugusa. Kwenye kioo, kile chenye kofia nyekundu kilikuwa kimemaliza mstari. Kikasimama mbele ya nyumba, kikageuza uso kuwatazama.

— Na nikisema Hapana, akauliza, watamrudisha kwangu?

Mama akaifuta simu kwa ncha ya nguo yake, akaondoka nayo.

Msumeno ameshafariki. Vocha yuko hai, ila hagusi tena simu ya mtu aliyekufa. Sindano yuko hai. Mama yuko hai, na simu anaichaji. Mdogo mtu, mama amekataza asiandikwe upande wowote, wa walio hai wala wa waliokufa.