Kopo la Vifungo Vyeupe

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka fundi cherehani aliyezikwa Jumamosi iliyopita. Wateja walimwita Jicho, kwa sababu alikutazama mlangoni tu akajua kiuno chako. Tena alikuwa mkweli. Suti ikiwa haijaisha, alikwambia haijaisha. Mafundi wa aina hiyo mnajua ni adimu.

Alikuwa na presha. Alikuwa na kisukari. Alivuta sigara. Kliniki walimwonya kuhusu yote matatu, akawajibu, "Kumbe nimekamilika!" Watu wakacheka.

Mwaka jana, akinyoosha suruali ya mteja, pasi ilimponyoka. Donge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa ubongo. Kiharusi. Mdomo ukapinda, mkono wa kulia ukafa ganzi. Baada ya miezi kadhaa mdomo ulinyooka, mkono ukarudi kazini. Ndugu wakasema amepona.

Daktari hakusema amepona. Alimwambia mkewe, "Mwili umerudi. Akili haijarudi yote. Dawa mpe wewe, na umwone akimeza."

Mke alikasirika. "Huyu hajawahi kunidanganya, daktari. Leo nimsimamie kama mtoto?"

Siku moja mwalimu mmoja alikuja kujaribu koti lake jipya. Fundi alikuwa ameshona mikono miwili ya kushoto.

"Jicho, mkono huu mbona unaelekea nyuma?"

"Vizuri, mwalimu. Utaandika ubaoni huku unawatazama wanafunzi."

Duka zima likacheka. Mke naye alicheka, mpaka alipomwona mumewe analigeuza koti, analigeuza tena, anatafuta kosa liko wapi. Hakuliona. Alilikunja, akaliweka chini ya meza.

Hata hivyo, wasikilizaji wapendwa, utaratibu wa nyumbani haukubadilika. Kila asubuhi mke alimwekea vidonge vyake mezani, kando ya cherehani, akaenda mbele kufungua milango ya duka. Akirudi, meza ni tupu.

"Baba watoto, umemeza dawa?"

"Nimeshameza."

Kiharusi cha pili kilipompata, hakurudi tena.

Asubuhi ya mazishi, shati la mwanawe lilikuwa limekatika kifungo. Binti wa marehemu alichukua kopo la vifungo vyeupe, akalimwaga kwenye meza ya kukatia. Akachambua kidogo, kisha akaita.

"Mama, njoo. Hivi vingine havina matundu."

Vilikuwa vidonge vya presha. Vyeupe, vya duara, vidogo. Kila asubuhi fundi alivikuta mezani kwake, na kwa fundi nadhifu, kifungo hakiachwi mezani. Alivirudisha mahali pake.

Mke alivikusanya kiganjani. "Lakini alisema ameshameza," alisema. Alirudia hivyo hivyo makaburini. Bado anarudia.

Tunampa pole mjane, binti na mwana, na wote waliovaa kazi ya mikono yake. Fundi hakusema uongo, maana alisema alichoamini. Mkewe naye hakumsahau, maana aliuliza kila asubuhi. Tatizo ni kwamba alimuuliza mtu ambaye hakuwa na uwezo tena wa kujua jibu.

Kama nyumbani kwako yuko aliyenusurika kiharusi, anatembea, anatania, mnasema amepona, basi kesho asubuhi usimuulize. Mpe maji, kaa mbele yake, tazama koo lake.

Mwana alimzika baba yake akiwa na shati lisilo na kifungo. Hakuna aliyetaka kugusa kopo tena.