Tulizika Yago, Mtoto Akaona

Wapendwa, nawasalimu kwa jina la Yesu aliyenitoa mbali. Shule niliacha darasa la pili, kwa hiyo mtanivumilia nikizunguka kabla ya kufika.

Uhuru ulikuwa bado mchanga, na ziwa lilikuwa limepanda mpaka kwenye mashamba yetu ya mtama. Mimi nilikuwa kuli bandarini Kisumu, nabeba magunia ya pamba. Mgongo huu mnaouona haukupindwa na uzee. Lakini hayo tuyaache.

Siku moja mimi na mke wangu Turfena tulitoka soko la Kibuye, tukapanda mashua turudi nyumbani. Mashua ilijaa watu na mizigo kupita kiasi. Upepo ukaja, ikapinduka. Nilimshika mkono. Watu niliwaambia maji yalinipokonya. Ndugu zangu, hayakunipokonya. Nilimwachia, niogelee peke yangu.

Tulimtafuta siku nne, hatukumpata. Nanyi mnajua desturi yetu: mtu akipotelea majini, kaburini huwekwa tunda la yago badala ya mwili, lile refu kama mkono wa mtu, ili roho yake isitangetange. Nasi tukalizika. Watoto walipelekwa kwa jirani wasione. Lakini binti yangu Atieno, wa miaka saba, alijificha nyuma ya ghala akaona kila kitu.

Tangu siku hiyo hakusema neno. Akaanza kufukua kaburi kwa kucha zake. Kaburi, ndugu zangu! Wazee wakasema mamake anamwita. Nikachinja mbuzi wawili. Ndugu wa kanisani nao wakaja wakamshika mabega, wakakemea pepo kwa sauti kubwa mpaka mtoto akajikojolea. Mimi nilimchapa. Mwishowe nikamfunga mguu kwenye nguzo ya nyumba kwa kamba ya ng'ombe. Chakula akakataa, ila maji na maziwa kidogo. Miguu ikawa kama ya korongo, nikajua nitamzika huyu naye.

Palikuwa na mjane wa kanisa letu, Mama Dorsila, muuza omena, vile visamaki vya ziwani, mwenye mdomo usiomwogopa mtu. Alipoingia bomani aliiangalia ile kamba.

“Mzee, huyu ni mbuzi?”

“Ana pepo, mama.”

“Pepo gani, na mtoto hajala? Fungua.”

Nikafungua. Hakumwombea mtu. Aliketi chini na ungo wa omena, akaanza kutoa changarawe, akamsogezea mtoto upande mmoja wa ungo. Kila alasiri akitoka sokoni alikuja hivyo hivyo, wanachambua tu, kimya. Ile omena yake ilikuwa na mchanga mwingi, tulimtania sana. Wiki ya tatu Atieno akafungua kinywa.

“Mliweka tunda. Mama yuko wapi?”

Mama Dorsila akanigeukia. “Mjibu wewe. Mimi sikuwa kwenye mashua.”

Nikakaa mavumbini mbele ya mtoto wangu, jambo ambalo mwanamume wa kwetu hafanyi. Nikasema, “Nyathina, mtoto wangu, mama alikufa majini. Hatukumpata. Tunda lile linashika mahali pake tu. Na mimi nilikuwa nimemshika mkono, nikamwachia.”

Alinipiga kwa ungo, omena ikatawanyika, kuku wakafurahi. Alinipiga mpaka akachoka, kisha akapiga nduru ya msiba, wanawake wakaja mbio. Wakataka kumnyamazisha.

“Mwacheni alie,” alisema Mama Dorsila. “Ninyi mlilia zamani, yeye bado.”

Nikalia naye. Asubuhi alikunywa uji, nusu bakuli. Kaburini hakurudi kufukua.

Sitawadanganya kwamba yote yalipona. Miaka mingi tukivuka mto alikataa mkono wangu, na alikuwa na haki. Sasa ameolewa kule Sondu, na upepo ukivuma bado hunyamaza siku nzima. Lakini yu hai, na mimi Bwana alinifungua kutoka kwa uongo ule.

Namshukuru Mungu, namshukuru Mama Dorsila, ambaye hadi leo tunaenda naye kukaa na watoto waliofiwa vibaya. Ndugu zangu, kama nyumbani kwako kuna mtoto aliyenyamaza, usimkemee. Mtegemee Bwana, kaa chini, umwambie aliyekufa alikufaje, na wewe siku hiyo ulikuwa wapi.