Kofia Tatu Nje ya Stoo ya Majembe

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Mtanisamehe, leo nimekuja na hasira zangu, sikuziacha nyumbani Makole.

Hapa mnanijua kama mama wa kwaya. Kazini mimi ni Kapteni, na nimesomea saikolojia. Nilipoomba ruhusa ya kwenda kusoma, maofisa wenzangu walicheka mpaka wakashika mbavu. "Kapteni anaenda kusomea vichaa!" Niliporudi nikapewa chumba kilichokuwa stoo ya majembe. Haya, nikakifagia, nikakaa. Nani aje? Hakuna!

Ndipo akaletwa Koplo Ndahani. Ameniruhusu nimtaje, yule pale na mkewe. Alikuwa amerudi kutoka ulinzi wa amani nje ya nchi, na usingizi hana. Bati likigongwa na upepo, anajitupa chini. Kikosini wakamwita mtegaji, eti anakwepa kazi. Na ninyi, ndugu zangu, mlimwitaje? Mlisema ana pepo! Mkamfungisha asile, mkamkemea mpaka sauti zikawakauka, na alipobaki vilevile mkasema hana imani. Jamani! Mtu ameokota miili ya wenzake, ninyi mnampimia imani?

Mkuu wa kikosi alikwishasema: mwisho wa mwezi Ndahani avue gwanda, arudi kwao Mvumi. Watoto watakula nini, hakuna aliyeuliza.

Nikawa namwita ofisini. Anaingia, anapiga saluti, anakakamaa. "Unaendeleaje, Koplo?" "Vizuri, afande!" Kila siku vizuri, afande, na jasho linamtiririka. Hivi nani anaweza kulia huku amekakamaa mbele ya ofisa? Nikaomba askari waingie kwangu bila saluti. Nikajibiwa huo ni utovu wa nidhamu. Nilitoka pale nawaka hasira!

Nikapiga magoti ndani ya stoo yangu, nikamlilia Mungu. Nilipofumbua macho nikaiona kofia yangu mezani, nilikuwa nimeivua ili niombe. Haleluya! Kwetu jeshini, asiye na kofia hapigi saluti. Ndiyo kanuni, hata mkuu hawezi kuipinga! Nikapigilia misumari mitatu nje ya mlango, nikatundika kofia yangu. Ndahani alipokuja nikamwambia, "Tundika na yako."

Akatundika. Akaingia, mikono haijui iende wapi. Kisha akakaa.

"Afande," akasema, "naogopa."

Akalia kama mtoto, nikamwacha alie. Nikaenda kumweleza mkuu kwamba huyu ni mgonjwa na anatibika. Akaendelea kusaini makaratasi yake.

Mwezi ulipokaribia kwisha, siku moja nimemaliza na Ndahani, nafungua mlango. Msumari wa tatu una kofia, na ina utepe mwekundu wa wakubwa! Mwenyewe kasimama juani kichwa wazi, mkuu wa kikosi, aliyewaongoza kina Ndahani kulekule kwenye ulinzi wa amani. Ndahani hana kofia, mkuu hana kofia. Hakuna wa kumpigia mwenzake saluti. Wakatazamana tu.

"Kapteni," mkuu akasema, "una nafasi?"

Kaniruhusu niseme hadi hapo. Ndahani hakuvua gwanda! Sasa analala, dawa anameza, na maombi haachi. Asante Yesu!

Ndugu zangu, mtumainini Mungu aliyenikumbuka stoo. Mwenye moyo uliolemewa aje, asione haya. Na ninyi atakaowajia, kabla hamjakemea chochote, mpeni kiti.