Kisima cha Kwenye Simu

KAKA: Haloo? Ni nani mwenzangu? Mtandao unakwaruza.

DADA: Ni mdogo wako. Hata sauti yangu umeisahau?

KAKA: Samahani, dada. Nimechoka hadi masikio. Hamjambo? Mama je?

DADA: Hatujambo. Kaka, ule mchezo uliotengeneza, ukamwekea mama kwenye simu yake kabla hajaugua—

KAKA: Na wewe unalalamika? Bosi ameshanitosha.

DADA: Nisikilize basi! Anaucheza.

KAKA: Mama? Tangu kiharusi si hata kijiko kinamshinda?

DADA: Mbio haziwezi. Wale maadui wa mapanga wanammaliza kabla hajainua kidole. Na yale mafumbo ya milango anayatukana.

KAKA: [anacheka] Maneno yamerudi?

DADA: Matusi ndiyo yametangulia. Lakini akifika kwenye kile kisima cha mchezo, hatoki. Anavuta kamba, mkono wa kulia, mkono wa kushoto—

KAKA: Wa kushoto?!

DADA: Huohuo uliomshinda yule wa mazoezi hospitalini. Ndoo ikifika juu anaguna, utadhani kaipandisha kweli.

KAKA: Dada... kisima nimekitoa.

DADA: Umekitoa vipi?

KAKA: Wachezaji walisema kinaboa. Hakuna adui, hakuna alama, ni kuvuta tu. Nikamwambia bosi, mtu ukimkimbiza mwanzo mwisho hata mbio zenyewe hazisikii, mwache apumue mahali. Nimebishana naye mpaka basi, akakataa. Nikakifuta. Toleo jipya limetoka leo.

DADA: Kwa hiyo simu ya mama—

KAKA: Ina bando? Zima data! Izime sasa hivi!

DADA: Ngoja... mama, hebu nipe... nakurudishia, mama... [kelele] Kaka. Hapa penye kisima kuna barabara. Magari yanakimbizana.

KAKA: Limeshaingia.

DADA: Anapapasa kioo. Ananitazama kama mimi ndiye nimekificha.

KAKA: Jamani, mama.

DADA: Kirudishe!

KAKA: Bosi hatakubali. Toleo la zamani ninalo kwenye kompyuta yangu, lakini kuliweka mpaka niishike hiyo simu mkononi.

DADA: Si uje?

KAKA: Wiki hii kazi—

DADA: Kazi! Tangu augue hujakanyaga hapa. Namwosha mimi, namgeuza mimi. Mimi sichoki?

KAKA: Naogopa, dada. Nimkute vile... sitaweza.

DADA: Na mimi nilikuwa naweza? Halafu salio linaisha. Shika, ongea naye mwenyewe. Mama, ni mwanao.

KAKA: Hapana, subiri— Haloo? Mama? Shikamoo, mama.

MAMA: [pumzi] Ma... maji.

KAKA: Unasemaje, mama?

MAMA: Maji... yako wapi?

KAKA: Ninayo mimi, mama. Nayaleta. Naondoka hapa sasa hivi, unasikia? Mama, usichoke kuni—

[Simu imekatika.]