Uvimbe wa Kwenye Damu

Asalaam aleikum, na nyinyi wa Bwana Asifiwe pia nawaamkia. Mimi ni fundi cherehani, wa papa hapa Likoni. Kikundi hiki ni cha wagonjwa wa moyo, lakini mgonjwa hakuwa mimi, alikuwa mke wangu. Nivumilieni, sijazoea kulia mbele za watu.

Moyo wake ulikuwa umechoka, hausukumi damu sawasawa. Siku moja kliniki, daktari, kijana wa bara, akasoma majibu ya damu: "Mzee, alama za uvimbe kwenye damu zimepanda. Moyo unazidi kuelemewa. Dawa zake asiziache."

Tulipotoka mke wangu akasema, "Uvimbe gani huo wa damu? Hebu rudi ukamuulize."

Nikacheka. "Mimi, mwana wa Likoni, nikaulize maana ya uvimbe? Kwa mtu wa bara? Si hii miguu imevimba, naiona!"

Ndugu zangu, nilipitia duka la dawa nikataka vidonge vya uvimbe, vile vile ninavyomeza mgongo ukinikaza. Sikusema ni vya mgonjwa wa moyo. Nilimpa kwa mkono huu, siku nne. Akazidi kuvimba. Siku ya tano, adhuhuri, akaniambia, "Mume wangu, pumzi haifiki." Tulikwenda hospitali wawili, nikarudi peke yangu.

Muuguzi wetu huyu wa kliniki ndiye aliyenieleza. Uvimbe wa kwenye damu hauonekani kwa jicho, ni ishara kwamba mwili unapigana ndani kwa ndani. Na vidonge vile huzuia maji na chumvi mwilini, vikauongezea moyo mzigo. "Pengine angekwenda hata bila vidonge," alisema. Wallahi, hilo neno "pengine" lilinila. Nikafunga cherehani. Msikitini nikawa naona haya kuinua mikono.

Siku niliyorudisha kliniki dawa zake zilizobaki, nikamkuta mama mmoja kwenye benchi, miguu imemvimba, ameshika vidonge vile vile. Nikapiga ukelele, "La, dada, usimeze! Ingia ukaulize kwanza!" Akaingia. Alipotoka hana vidonge, nililia kwa sauti. Kesho yake nikafungua cherehani.

Leo mama huyo yuko hapa, ameketi kule nyuma. Dada, ahsante. Muuguzi wetu, ahsante, nanyi mlionipokea hapa ingawa mimi si mgonjwa.

Kuuliza si ujinga, twawaambia watoto kila siku. Mke wangu aliuliza. Kosa lake lilikuwa moja tu: aliniuliza mimi.