Bi. Flaviana Komba na Goti la Mchonga Vinyago

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Bi. Flaviana Komba, mtaalamu wetu wa tiba ya viungo, anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu. Aliripoti kituoni kwetu hapa Temeke chumba cha mazoezi kikiwa bado stoo ya vyandarua. Waliokadiria kwamba atadumu miezi miwili tu walishastaafu zamani.

Benchi la wagonjwa alilipeleka mwisho wa korido, hatua ishirini kutoka mlangoni kwake. Wagonjwa walinung'unika, uongozi ukawahurumia na kulisogeza karibu. Kesho yake likakutwa kulekule. Hizo hatua ishirini ndizo zilikuwa kipimo chake: alikutazama unavyozitembea. Ukifika na shikamoo yako, ameshajua: golikipa huyu kachanika kano, na kocha ameshamkanda kwa mafuta ya moto, mama yule goti limevimba kwa kupiga deki akiwa amepiga magoti, mzee yule magoti yamesagika. Marahaba yake aliielekeza gotini. Sisi watumishi wenye kuchechemea kidogo tulipitaga mlango wa nyuma.

Miaka mitatu iliyopita alikuja Mwishehe, mchonga vinyago wa Mbagala, goti la kulia halinyooki. Kwingine aliambiwa limesagika, atafute kazi ya kusimama. Patasi zake alikuwa ameshawagawia wapwa. Dada Flaviana alimtembeza mara mbili, akamuuliza lilianzaje. Mwishehe akasema alikuwa anainuka tu mkekani anapochongea, likalia ko! likagoma. Dada akatikisa kichwa: kusagika huja polepole, hakupigi hodi. Akahisi gegedu, ule mto laini wa ndani ya goti, limechanika na kipande kimebana, akaandika rufaa. Madaktari wa upasuaji wakakikuta kipande palepale.

Ikafuata miezi mitatu ya mazoezi, mfuko wa mchanga kifundoni. Alipoona Mwishehe anatega mazoezi, akamwamuru akachukue patasi zake kwa wapwa, aje achongee humo chumba cha mazoezi, kwenye kigoda na si mkekani. Vumbi la mpingo likajaa. Tunu wa usafi akaja juu: “Mama, hiki kituo cha afya au karakana?” Akajibiwa ni vyote viwili, na akiokota taka akunje magoti, aache kuuonea mgongo.

Mwishehe tulimwalika leo. Ameomba radhi: oda za vinyago zimemzidi, hana nafasi. Dada Flaviana aliposoma ujumbe huo alicheka mpaka akavua miwani kufuta macho.

Dada, asante sana. Nasi tunakutakia hayohayo: shughuli zako za ustaafu huko Kigamboni zinoge, hata tukikualika ukose nafasi.