Taisto Juntunen, Mpima Barafu wa Kurjenlampi

Jumatano tarehe 12 Februari 2025, saa nane na dakika ishirini mchana, Sirkku, mtoto wa pili wa marehemu, ambaye ndiye familia imempa kazi ya kuwasomea maneno haya, alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu ya bafu akikwangua nta ya mwaka jana kwenye ski za mwanawe, pasi ya kuyeyushia nta mpya ikipata moto kando yake, mlango ulipofunguliwa bila hodi akaingia jirani yetu Kaarlo Rautio, mikono ya koti lake imelowa hadi mabegani, akasema, "Zima hiyo pasi, Sirkku, twende. Baba yako ametumbukia barafuni. Tumemtoa, anapumua." Sirkku alizima pasi, akachukua koti, akauliza ni sehemu gani ya ziwa, Kaarlo akajibu, "Pale kwenye pampu," na njia nzima hadi ufukweni hakuuliza kitu kingine.

Taisto Eemeli Juntunen alizaliwa tarehe 3 Novemba 1948 katika kijiji cha Kettuvaara, huko Kainuu, akiwa mtoto wa tano kati ya saba wa Mzee Eemeli na Bi Lempi Juntunen. Alianza shule ya msingi tarehe 1 Septemba 1955, na wakati wa baridi alikwenda kwa ski kilomita sita, njia ya mkato ikipita juu ya ziwa, na ni kwenye njia hiyo ambako asubuhi ya tarehe 9 Desemba 1958 kaka yake Arvo, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliyekuwa nyuma ya wenzake, alizama bila mtu kumsikia, watoto wanne walikuwa wametoka nyumbani, watatu wakafika, na mwalimu hakuwahesabu mpaka supu ya mchana ilipobaki bakuli moja. Marehemu alilisimulia jambo hilo mara moja tu, akiwa sauna, na hakutaka aulizwe zaidi.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1962, akasomea ufundi bomba mjini Kajaani kuanzia 1964 hadi 1966, akatumikia jeshi mwaka 1968, na tarehe 4 Mei 1970 akaajiriwa katika idara ya maji mjini Tampere, ambako alifanya kazi miaka arobaini na mmoja mpaka alipostaafu tarehe 30 Novemba 2011. Katika kiangazi cha mwaka 1974 yeye na wenzake walitandaza mabomba ya maji ya mvua ya mtaa mpya wa Kurjenlampi, yote yakishukia ziwani, na aliipenda kazi ile kiasi kwamba alinunua kiwanja hapo hapo. Miaka mingi baadaye, mtu akimsifia mabomba yale, alikuwa akisema, "Hayavuji hata tone. Kila uchafu wa mtaa umefika ziwani salama."

Tarehe 12 Juni 1976 alifunga ndoa na Irja, aliyekuwa akifanya kazi maktaba, wakajaliwa watoto wawili, Jouko aliyezaliwa mwaka 1978, ambaye amesafiri kutoka Umeå kuwa nasi leo, na Sirkku aliyezaliwa mwaka 1982. Mama yetu alitangulia tarehe 19 Oktoba 2014, na tangu hapo marehemu aliishi peke yake katika nyumba ya Rantapolku namba 7, akijipikia uji wa shayiri asubuhi na viazi jioni, akikataa kila mashine ambayo watoto wake walimletea.

Mwaka 1987 alianzisha siku ya ski ya watoto, inayofanyika Jumamosi ya mwisho kabla ya likizo ya baridi, na kila aliyekulia hapa anaijua kazi yake, alivyotoboa barafu kwa kekee kila baada ya hatua kumi, akapima kwa rula, akachomeka matawi ya msonobari kuonyesha njia, kisha mwishoni akasimama mbele ya sufuria ya supu ya njegere akiwa ameshika upawa na kuhesabu watoto mmoja mmoja, na hakuna aliyepewa bakuli kabla hesabu haijatimia. Wazazi walimnung'unikia kwa sababu supu ilipoa. Mwaka 1996 watoto wawili walikuwa wamejiendea nyumbani bila kuaga, akawasimamisha watu hamsini na wanane kwenye baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri mpaka wale wawili walipoletwa, mmoja akiwa na nguo za kulalia.

Katika majira ya kuchipua ya mwaka 2003 barafu iliyeyuka ikaacha samaki waliokufa kwa kukosa hewa, wametanda ufuko mzima, na kwa siku nne watu wa mtaa waliwazoa kwa koleo na kuwapakia kwenye toroli. Tarehe 14 Mei mwaka huo marehemu aliitisha mkutano jikoni kwake, chama cha kuhifadhi ziwa kikaundwa, vidimbwi vya kuchujia maji ya mvua vikachimbwa kwa mikono ya watu waliomo humu ukumbini, na tangu baridi ya mwaka 2005 pampu ikawa inasukuma hewa chini ya barafu. Pampu inaokoa samaki, lakini barafu iliyo juu yake inakuwa nyembamba kama kioo cha dirisha, na hapo ndipo Kaarlo, aliyekuwa akisimamia njia za ski, aliposimama mkutanoni akamwambia, "We fundi, umetuletea shimo katikati ya uwanja wetu, kisa samaki wasiolika hata na paka." Marehemu akamjibu, "Paka wako ameshiba mno, Kaarlo, anafanana na mwenye nyumba." Waligombana majira mawili ya baridi, mpaka mama yetu alipowaketisha mezani, akawawekea kahawa na mikate mitamu ya iliki, akawaambia hawaondoki mpaka wakubaliane, nao wakakubaliana kwamba pampu izimwe wiki tatu kamili kabla ya siku ya watoto, barafu ipate kukomaa, iwashwe tena kesho yake, na tarehe ya kuzima iandikwe kwenye daftari linalokaa ndani ya sanduku la pampu. Tangu mwaka 2019, magoti yalipoanza kumsumbua kwenye ngazi za ufukweni, ufunguo wa sanduku hilo alikuwa nao Sirkku.

Sasa tufike kwenye kifo chake, na hapa familia inaomba mtusikilize mpaka mwisho.

Mwaka huu siku ya kuzima pampu ilikuwa Ijumaa kabla ya wiki tatu kuanza, yaani tarehe 31 Januari, na kwa kuwa kulikuwa na theluji nyingi, ambayo huchelewesha barafu kukomaa, marehemu alimwambia Sirkku aizime wiki moja mapema zaidi, tarehe 24. Wiki hiyo watoto wote watatu wa Sirkku walikuwa wakitapika kwa zamu, naye alikuwa akiingia kazini, jikoni mwa shule, saa kumi na mbili asubuhi, na pampu haikuzimwa tarehe 24, wala tarehe 31. Ilizimwa tarehe 7 Februari jioni, Sirkku alipokuwa akipita kwenda kutupa takataka, akaisikia inanguruma. Alizima, akafungua daftari, akaandika tarehe 24 Januari, kwa sababu hakutaka kusemwa, na kwa sababu kama angeandika tarehe ya kweli siku ya watoto ingeahirishwa, na aliona baridi ni kali, barafu ingewahi kukomaa, tena bado ulikuwapo muda wa kumwambia baba yake.

Hakumwambia. Tarehe 12 marehemu alifungua sanduku kwa ufunguo wake wa akiba, akasoma daftari, akahesabu siku kumi na tisa, na badala ya kuanza kutoboa pembeni akisogea kidogo kidogo, kama alivyofanya kila pampu ilipokuwa imezimwa karibuni, alikwenda moja kwa moja hadi katikati, kekee begani, akikokota mzigo wa matawi kwenye sleji. Barafu ilikuwa na siku tano. Kaarlo alimwona kutoka kwenye njia ya ski, akatambaa kwa tumbo akisukuma ngazi mbele yake, na yeye na kikosi cha uokoaji walimtoa baada ya dakika kumi na nane.

Hospitalini alipata fahamu usiku ule ule, na asubuhi ya tarehe 13 akamuuliza Sirkku, "Pampu ulizima lini?" Sirkku akasema, "Kama ilivyoandikwa, baba." Marehemu akasema, "Basi nimezeeka. Nimeisoma vibaya. Waambie kekee wampe mtu mwingine." Jioni mapafu yakajaa maji, akawekewa mashine, hakusema tena, na Jumapili tarehe 16 Februari 2025, saa kumi na moja alfajiri, moyo wake ulisimama. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita.

Tangu siku hiyo imesemwa dukani, na kwenye foleni ya maktaba, na hata leo mlangoni mwa kanisa, kwa huruma na si kwa ubaya, kwamba mzee alikuwa haoni vizuri, kwamba umri ulimchanganya, kwamba angezuiwa mapema. Familia inasahihisha hilo mbele yenu. Taisto Juntunen hakukosea. Alisoma tarehe iliyoandikwa na mwanawe, akaiamini, na hesabu aliyoifanya juu ya tarehe hiyo ilikuwa sahihi. Sirkku aliwaeleza polisi haya tarehe 3 Machi, akamweleza kaka yake jana, na tarehe ya uongo ameikata kwa mstari mmoja, ili isomeke, akaandika ya kweli chini yake na jina lake. Wapo wanaotaka pampu iondolewe, nao waelewe kwamba pampu ilifanya kazi yake, na imewashwa tena tangu tarehe 17 Februari. Ufunguo uko mezani, karibu na picha ya marehemu, na chama kitampa mwingine.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi, ambao walimwosha na kumchana nywele kabla hatujaitwa, kikosi cha uokoaji, wenzake wa idara ya maji waliobeba jeneza, mchungaji, majirani walioleta vyakula mpaka friji ikagoma kufungwa, na Kaarlo Rautio, ambaye vidole vyake viwili bado havijapata hisia, na ambaye jana usiku, baada ya kuelezwa yote haya, alikunywa kahawa yake, kisha akasema, "Yasome yote, binti. Yeye angekusema wiki nzima, halafu angekutuma ukalete kekee."

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watano, na ziwa lenye samaki.

Hakutaka keki wala nyama ya kuoka, aliandika kwenye karatasi kwamba siku yake ipikwe supu ya njegere, na imepikwa, sufuria mbili ziko nyuma yenu. Kaarlo amesimama na upawa, alituhesabu tulipotoka makaburini na ametuhesabu tena tulipoingia, naye ameniandikia hapa pembeni ya karatasi: sabini na mmoja tulioondoka, sabini na mmoja tuliofika. Barafu ya leo asubuhi, kwenye njia ya kuingilia ziwani, ni sentimita thelathini na nane, imepimwa na Sirkku, kwa rula, akianzia pembeni.

Pumzika sasa, baba, hesabu imetimia. Karibuni mezani.